Malengo 9 na deni 1: Shangazi anajibu barua za Januari

Barua za Januari nazitambua kabla sijafika katikati. Kila mtu ana orodha, na karibu kila orodha ina kitu kilichobaki mwaka uliopita. Mwezi huu nimechagua 3. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu hesabu iliyomo ndani yake naamini imo kwenye nyumba nyingi za mji wetu wa Tanga, na nataka wenye nyumba hizo waisome kwa utulivu. Majina nimeyaacha.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto 3, nakaa Makorora, nauza vitumbua na chapati asubuhi. Mume wangu ni mvuvi, samaki wake anawashusha pale Deep Sea. Kila tarehe 31 Desemba naandika malengo kwenye daftari. Mwaka huu yako 9: niweke akiba milioni 2, ninunue friji, nimalizie msingi wa nyumba kule Kange, nijifunze cherehani, nipunguze kilo 15, nihitimishe Kurani, nisikopeshe tena wateja, niachane na mkopo wa kausha damu, na binti yangu aanze kidato cha kwanza akiwa na kila kitu. Nimefungua daftari la mwaka jana, 7 kati ya hayo ni yale yale. Kufika mwezi wa 3 nilikuwa nimeshayaacha. Siku nzuri naweka 3,000. Ule mkopo nachukua 200,000, narejesha 10,000 kila siku kwa siku 26, nikimaliza nachukua mwingine wa kununulia mchele na mafuta. Dada yangu anasema mimi ni mvivu, sifuatilii mambo yangu. Ni kweli? Na malengo mangapi yanamtosha mtu?
Mama Vitumbua, Makorora

Marahaba mwanangu. Wewe si mvivu. Mtu anayeloweka mchele usiku, akaamka saa 10 alfajiri kuusaga na tui na iliki, akatia hamira, akawa anasukuma chapati huku unga unaumuka, na kufika saa 12 yuko nje chuma cha vitumbua kimeshapata moto, huyo asiitwe mvivu na mtu yeyote. Dada yako anakupenda, lakini hapa amekosea, na ningependa umsomee jibu hili.

Tatizo liko kwenye daftari. Chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Milioni 2 ukiigawa kwa 3,000 unapata siku 667. Hiyo ni karibu miaka 2, na kila siku iwe nzuri: mtoto asiumwe, msiba usitokee, mvua isinyeshe, mchele usipande bei. Kwa hiyo ulipoliacha daftari mwezi wa 3, ulichoacha ni kitu ambacho mfuko wako haukuwa na njia ya kukifikia tangu tarehe 1. Halafu friji, msingi na cherehani navyo vinagombea 3,000 hizo hizo.

Sasa tulitazame deni, maana hapo ndipo barua yako iliponishtua. 10,000 kwa siku 26 ni 260,000. Wewe ulichukua 200,000. Shilingi 60,000 unamwachia mwenye pesa zake, na mwezi haujaisha. Gawa 60,000 kwa siku 26: ni 2,300 na ushei kwa siku. Isome tena namba hiyo, mwanangu. Unaweka 3,000 siku nzuri, na 2,300 inatoka kila siku, iwe nzuri au mbaya. Ukichukua mkopo huo mara 10 kwa mwaka, umetoa 600,000. Friji dogo umeshalinunua, ila liko nyumbani kwa mtu mwingine.

Ndiyo maana nasema lengo lako la fedha mwaka huu ni 1, nalo ni lile uliloliandika la 8 kama jambo la pembeni: kuachana na kausha damu. Likitimia hilo, akiba itaanza kukua bila wewe kuuza kitumbua kimoja cha ziada.

Najua utaniuliza: nisipochukua tena, mchele nanunua na nini? Swali la haki, na sitakudanganya kwamba jibu lake ni jepesi. Maliza mkopo ulio nao. Siku ya mwisho mkusanyaji akija, mlipe, mshukuru, usisaini karatasi nyingine. Kuanzia kesho yake utapika kidogo. Kama ulikuwa unapika kilo 6 za mchele, pika 4. Nunua kwa kilo pale Mgandini badala ya mfuko mzima. Kila kilo itakugharimu zaidi kidogo, kubali. Wateja wa mwisho wa asubuhi watakuta umemaliza. Watakwenda kwa jirani, na kama vitumbua vyako ni vizuri watarudi kesho mapema. Kisha kila siku uliyopika, kati ya ile 10,000 uliyokuwa unamkabidhi mkusanyaji, jikabidhi wewe 5,000. Nusu tu. Usijilazimishe 10,000, kwa sababu sufuria limepungua na nyumbani bado wanakula.

Hapo nataka nikupe kitu cha kushika mkononi. Marehemu baba yangu alikata mkonge upande wa Ngomeni wakati wa ukoloni. Wafanyakazi wa mashamba yale walikuwa na kadi, wakiiita kipande, ya siku 30 za kazi. Ukifanya kazi siku moja inatiwa alama. Zikitimia 30 ndipo unalipwa. Siku hizo hazikulazimika kufuatana. Mtu aliugua, alizika, alikwenda kupalilia shamba lake, kisha akarudi akaendelea pale alipoishia. Mfumo ule ulikuwa na dhuluma yake, na hakuna aliyeukata mkonge ule akautamani urudi. Ninachokichukua ni ile karatasi tu, yenye visanduku 30 visivyo na tarehe.

Kalenda ya ukutani inakuhukumu. Umekosa Jumanne na Jumatano, unaona matundu mawili, moyo unavunjika, Alhamisi unaiacha na yenyewe. Kadi haina Jumanne. Chora visanduku 30 nyuma ya daftari lako. Siku uliyopika na kuweka 5,000, tia alama. Siku uliyoshinda msibani, acha, na kesho yake usilipize kwa kuweka 10,000, kwa sababu kulipiza ndiko kunakowachosha watu wakaacha kabisa. Kadi ikijaa, andika chini yake siku uliyoanza na siku uliyomaliza. Huenda itachukua wiki 5, huenda 7. Vyovyote itakavyokuwa, kwa mara ya kwanza utaujua mwendo wako halisi, na kadi ya pili utaipanga kwa mwendo huo.

Kadi moja ni 150,000. Ukifika kisanduku cha 10 cha kadi ya pili una 200,000 yako mwenyewe, mtaji ule ule uliokuwa ukikopeshwa, safari hii bila 60,000 juu yake. Rudi kwenye kilo 6.

Sasa tuupitie mwaka wenyewe, maana orodha yako imeandikwa kana kwamba miezi yote 12 inafanana, na Tanga haifanani. Januari ni ya binti. Shule za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza, lakini sare, viatu, begi na madaftari vinakungoja mlangoni. Chukua fomu ya kujiunga, weka alama kwenye vile asivyoweza kuingia darasani bila kuwa navyo, nunua hivyo. Vilivyobaki nenda kaongee na mwalimu, utaje tarehe utakayovileta. Usikope kwa ajili ya begi.

Februari inaingia Ramadhani. Asubuhi hakuna biashara, lakini wewe unauza kitu ambacho mji mzima unakitaka kwenye futari. Loweka mchele asubuhi, anza kuchoma alasiri, na kabla ya adhana ya magharibi sahani ni tupu. Angalia tu kwamba matumizi ya nyumbani nayo hupanda mwezi huo, na mwisho wake kuna nguo za Idi. Mimi ningejihesabia visanduku 15 tu kwa Ramadhani nzima na kushukuru vikizidi.

Na hapo hapo kwenye Ramadhani lipo lengo lako la kuhitimisha Kurani. Kurani ina juzuu 30. Chora kadi nyingine, mbali na ile ya pesa, visanduku 30, juzuu moja kwa usiku, mwezi ambao nyumba nzima inasoma na msikitini wanasoma. Katika yote 9, hili ndilo lenye mwezi wake, kipimo chake na watu wa kukusindikiza. Lishike. Na mwezi ukiandama siku ya 29, juzuu ya mwisho isome mkesha wa Idi.

Kisha masika, Machi ikielekea mwisho hadi Mei. Mkaa unalowa, watu hawatoki mapema, watoto wanakohoa. Kusi nayo inaanza kuvuma, bahari inachafuka, ngalawa zinashinda pwani siku nyingi, kwa hiyo mfuko wa mumeo unapungua wakati ule ule wako unapopungua. Mwaka jana uliacha mwezi wa 3. Naamini hukuacha kwa sababu ya moyo wako; mahitaji ya shule ya Januari yalikuwa yameshakula, mvua ilikuwa inaingia, na daftari lilikuwa bado linakudai kana kwamba ni Desemba. Miezi hiyo jipangie visanduku 3 kwa wiki. Kaa na mumeo mlizungumze hili mapema, wakati kaskazi inavuma na samaki wapo, muweke kitu kidogo cha chakula cha masika. Yeye anaijua bahari kuliko mimi, atakwambia siku zipi si za kuzitegemea.

Ukijumlisha yote, kwa mwaka mzima mimi nakuona na kadi 7. Siku 210 za kupika, si haba. Kadi 7 ni 1,050,000. Toa 200,000 ya mtaji, ambayo huigusi, inabaki 850,000. Milioni 2 haimo, nakwambia sasa ili mwezi wa 10 usijione umeshindwa. Lakini msingi wa Kange unaweza kusogea, au friji likaingia. Usichague leo. Chagua Septemba, pesa ikiwa mkononi.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Cherehani ingoje mwaka ujao. Wateja wa mkopo: "nisikopeshe tena" haiwezekani mtaani kwetu, utakopesha tu siku jirani atakapokuja na mtoto mgongoni. Weka kikomo, labda 2,000 kwa mtu, na asiyelipa asiongezewe. Kilo 15: nenda kwanza zahanati wakupime presha na sukari, waulize wao. Kasi inayoshauriwa ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na anayeonja chapati kila alfajiri asijiwekee tarehe.

Jambo moja zaidi. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa wanawake hutolewa kwa vikundi. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, umuulize masharti. Lakini usiisubiri hiyo ndipo uanze. Kadi anza nayo siku utakayomalizana na mkusanyaji.

Ulitaka kujua malengo mangapi yanatosha. Kwako mwaka huu ni 2: la fedha moja, la roho moja.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 19, nakaa Pongwe. Kidato cha nne nilipata Divisheni ya 4, pointi 28: C ya Kiswahili na Historia, D ya Kiingereza, Jiografia na Uraia, F ya Biolojia na Hisabati. Mchana nafanya kazi kwenye duka la kutoa fotokopi mjini, usiku nasoma, narudia mtihani. Nimeandika ukutani kwa herufi kubwa: DIVISHENI YA 1. Baba kaisoma akacheka. Lengo langu ni kubwa mno?
Kijana wa Pongwe

Marahaba kijana wangu. Baba angekaa na wewe kuliko kucheka, na naomba afanye hivyo. Ila ule ukuta uandike upya.

Divisheni ya 1 ni pointi 7 hadi 17, na zikiwa chache ndiyo bora. Wewe una 28. Unataka kushusha pointi 11 ndani ya miezi michache, usiku, baada ya kusimama dukani kutwa. Tuulizane kwanza, unakwenda wapi? Kama ni kidato cha tano, mlango wake unataka angalau C 3. Unazo 2. Unayoikosa ni 1, na ukitazama vizuri, Historia na Kiswahili ulizonazo zinaitaka Kiingereza ili ikamilike tahasusi ya HKL, yaani kundi la masomo hayo 3 kidato cha tano. Shule za serikali zina ushindani wake na zinatazama pia jumla ya pointi, kwa hiyo muulize mwalimu wa taaluma pale ulipomaliza. Ila bila C ya tatu hakuna shule ya kuiuliza.

D ni alama 30 hadi 44. C inaanzia 45. Hata kama ulipata 30 kamili, unachotafuta ni alama 15. Futa divisheni, andika ukutani: KIINGEREZA, 50. Hizo 5 za juu ni za siku mkono utakapotetemeka.

Na wewe una bahati ambayo wenzako hawana. Karatasi za mitihani ya miaka iliyopita zinapita kwenye mashine unayoisimamia. Muombe mwenye duka ruhusa ya kutoa nakala zako moja moja, umlipe bei yake. Chora kadi kama niliyomweleza Mama Vitumbua hapo juu, lakini kisanduku chako kisiwe "nimesoma". Kusoma hakupimiki, mtu anaweza kulala juu ya kitabu akajitia alama. Kisanduku kiwe kitu kilichoandikwa kikaisha: barua moja, insha moja, ufupisho mmoja, au maswali ya ufahamu yaliyojibiwa yote. Tafuta mwalimu mmoja wa Kiingereza, mpelekee insha moja kwa wiki aisahihishe kwa wino mwekundu, na ile iliyosahihishwa iandike upya. Kuandika upya ndiko kunakopandisha alama. Wengi huangalia wamepata ngapi wakaikunja karatasi.

Mtihani ni Novemba. Ukijaza kadi 3 kufika Juni, ongeza Jiografia. Usipozijaza, baki na Kiingereza peke yake. Hisabati mwaka huu iache ipumzike, najua inakuuma. Na usajili wa watahiniwa wa kujitegemea una mwisho wake na faini kwa wanaochelewa, kwa hiyo nenda kituoni wiki hii uulize tarehe.

Shangazi, bibi yangu anasema nisimwambie mtu malengo yangu ya mwaka, kijicho kitayaharibu. Marafiki wanasema niyatangaze kwa kila mtu ili nione aibu kushindwa. Nishike lipi?
Msichana wa Chumbageni

Bibi yako ana hoja. Ukitangaza unapongezwa siku hiyo hiyo, na pongezi ikitangulia kazi, kazi inapoa. Wapo pia watu ambao hawakutakii mema, sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa hilo. Marafiki zako siwaafiki. Mwenye aibu hujificha. Akiteleza wiki moja hapiti tena njia ile, na lengo linafia uchochoroni.

Mwambie mtu mmoja. Awe mtu unayeonana naye kila wiki, usiyemdai wala asiyekudai, na ambaye kufanikiwa kwako hakumpunguzii kitu. Swali la kukuuliza mpe wewe, usimwachie alitunge. "Vipi malengo?" utalijibu "namshukuru Mungu" na mazungumzo yataishia hapo. "Umejaza visanduku vingapi?" linataka namba. Na kama mtu huyo ni bibi mwenyewe, mwambie yeye. Siri yako anaitunza, na kuuliza hatachoka.